Doksi Katika Mkoba wa Hina

Boti ya kutoka Nyamisati ilifunga gatini Kilindoni jua likiwa utosini, na abiria wakashuka kwa desturi yao, yaani wote kwa pamoja. Makuli, madereva wa bajaji, wenye magodoro na wenye kuku, kila mmoja akiapa kuwa mzigo ule ni wake. Katikati ya zogo hilo alisimama Shufaa binti Matano, mpambaji wa maharusi, na baibui lake jeusi lenye nakshi za fedha mikononi na mtandio wa zambarau alioubana mpaka juu ya kidevu. Hakuubana kwa baridi, maana Mafia baridi iko wapi. Aliubana kuficha taya. Kuli akamwonesha boksi lililozungushiwa utepe wa kahawia, naye akalipakia kwenye bajaji huku akijiuliza poda za siku hizi zinasagwa kwa mawe gani hata ziwe nzito namna hii.

Nyumbani alipolifungua alikuta pampu ya friji, chuma cheusi kinachonuka grisi. Kabla hajamaliza kumlaani kuli, simu ikaita.

"Dada, samahani, namba yako nimeitoa kwenye boksi. Hapa kwangu kuna rangi za midomo tele. Nimelipaka friji la mteja, bado haligandishi."

"Na mimi nina chuma hapa. Bibi harusi wangu nimfunge shingoni?"

"Kama ni wa kutoroka, mfunge. Nakuja kumfungua."

Alifika chai haijapoa. Alikuwa Luqmani Hemedi, fundi friji mwenye kibanda ubavuni mwa soko, kijana mrefu aliyevaa fulana ya bluu iliyokolea mafuta kifuani, ndevu zimechongwa vizuri kama za mtu anayekwenda kupigwa picha. Ufundi alijifunzia Dar es Salaam, akarudi kisiwani kutengeneza majokofu ya hoteli za Utende na ya mama zetu wauza barafu. Alisema neno, Shufaa akacheka, na mtandio ukateleza. Akaurudisha upesi. Luqmani aliona, akajifanya anaikagua pampu yake. Kwa staha hiyo ndogo Shufaa alimpenda, na staha hiyo hiyo ya kuona na kutouliza ndiyo iliyokuja kumtia moto.

Basi mapenzi yakashika. Simu za mchana zikawa haziishi. Luqmani akimwita laazizi, Shufaa akimwita fundi barafu na kumuuliza leo amemgandisha nani. Akimletea embe la ubaridi kutoka friji la mtu, anamwambia mteja amelipa kwa hiari yake. Kitu kimoja tu kilimshinda fundi. Kila akimwomba Shufaa watembee ufukweni jioni kabla jua halijaanguka, Shufaa anakataa.

"Mtu wa Mafia hapendi jua," Luqmani alimtania. "Nikikuoa nitakuweka kwenye friji la milango mingapi?"

Shufaa alicheka tu. Angejibu nini? Kwamba amekatazwa jua na daktari?

Tuseme ukweli kuhusu uso huo, maana yeye mwenyewe alichoka kuuficha. Shufaa alikuwa na chunusi tangu alipovunja ungo, na wenzake walipopona zao, yeye zake zilihamia taya na shingo zikawa manundu yanayouma hata kwa kuguswa na mto. Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa jambo la kioo chake tu. Kwa mpambaji, uso ndio kibao cha duka. Mama wa bibi harusi anakuja kupatana kazi, anakutazama, anasema kwa upole wa nyoka, mganga hajigangi. Shufaa alikwisha kupaka ndimu, akapaka dawa ya meno, akapaka krimu ya kopo lisilo na jina aliyoapiwa na jirani, ikamchubua. Mwisho alikwenda hospitali, akaandikiwa doksi, kidonge kimoja kila siku kwa miezi mitatu, pamoja na dawa ya kupaka. Akaambiwa ameze kwa glasi nzima ya maji, asijilaze akishameza, asichanganye na maziwa, na jua alikimbie kama deni.

Watu husema kumeza dawa ni kazi ya koo. Wajaribu doksi. Siku ya kwanza aliimeza kwa funda moja la chai akajinyoosha kitandani, ikamkwama kifuani ikawaka siku nzima, kila tonge linapita kwa machozi. Akajifunza maji. Kisha kichefuchefu, harufu ya dagaa wanaokaangwa uani inamtoa mbio. Kisha jua lenyewe: alikwenda kupamba harusi ya mchana Utende, akasahau mwavuli, akarudi pua na migongo ya mikono imeungua nyekundu kama aliyemwagikiwa na mafuta. Na chunusi kwanza hazikujali. Zilimtazama kwenye kioo wiki baada ya wiki, naye akazikasirikia, akakikasirikia kidonge, akakimeza kwa hasira. Ndipo zikaanza kusinyaa, moja hapa, moja pale. Aliyejua ni mama yake peke yake. Vidonge alivificha chini ya pamba, ndani ya mkoba wake wa hina, mahali ambapo hakuna mwanamume angetia mkono.

Lakini mwanamke alitia. Luqmani alikuwa amekwisha sema Ijumaa ijayo mjomba wake atamtuma mshenga, Mzee Marijani, kuleta posa. Siku chache kabla yake akaja Zuena, dada mkubwa wa Luqmani, kwa kisingizio cha kuchorwa piko, ile rangi nyeusi ya maua ya mikononi. Shufaa alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba wifi, akafurahi. Alipommalizia kiganja kimoja, piko ikachuruzika, naye mikono yake mwenyewe imejaa rangi. Akamwambia Zuena atoe pamba mle mkobani. Zuena akaingiza mkono uliokuwa mkavu, akatoa pamba, na chini ya pamba akaona karatasi ya vidonge vya kijani. Hakuvijua, na hakuuliza. Alikata kimoja, akakifunga kwenye pindo la kanga yake, akaendelea kumsifu Shufaa kwa maua aliyomchora. Sisi wa pwani tuna ugonjwa huu. Tutamchunguza mchumba ukoo mzima, tutanusa mpaka jungu lake, lakini kumuuliza mwenyewe swali moja hatuwezi, tunasema ni kukosa adabu.

Ijumaa ikafika. Mama yake Shufaa alitandika mkeka mpya, vitumbua vikapangwa kwenye sinia, udi ukafukizwa, na majirani wawili wakajialika ili wasihadithiwe. Alasiri ikapita. Vitumbua vikapoa. Mwisho Mzee Marijani akapiga simu kwa mjomba wa Shufaa, akasema kwa sauti ya mtu aliyekanyaga mwiba kwamba posa isubiri kidogo, kuna jambo linaangaliwa. Majirani wakaaga haraka, na kila mmoja akaondoka na kitumbua chake na habari yake.

Shufaa alimpigia Luqmani. Simu ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, ikawa vivyo hivyo. Kulipokucha akapata ujumbe: *Shufaa, kabla ya yote naomba ukapime. Sikuchukii. Ukipona tutaongea.*

Aliusoma amesimama, akausoma ameketi. Apime nini? Apone nini? Aliuuliza moyo wake kila kosa alilowahi kufanya, na huo ndio ubaya wa maneno yasiyo na kichwa, humfanya asiye na hatia ajipekue mwenyewe. Mama akasema subira huvuta heri. Shufaa akasubiri, na kilichovutwa na subira yake hakikuwa heri. Alikuja Bi Safia wa Kiegeani, ambaye binti yake alikuwa aolewe wiki ile na Shufaa alikwisha ipokea kazi ya kumpamba. Bi Safia hakuketi. Alizungukazunguka maneno, kisha akasema binti yake ni mwari, yuko ndani anasingwa mwili kwa manukato, hawezi kuguswa na mikono ya mtu anayetumia dawa za namna ile.

"Dawa za namna gani, bibi?"

"Mwanangu usinitie dhambini. Doksi. Wanawake wote wanasema. Na lisemwalo lipo."

Hapo Shufaa akaelewa yote kwa mara moja, pamba, kiganja kikavu, mshenga, lile neno *ukipona*: doksi yake ya chunusi watu wameifanya dawa ya magonjwa ya zinaa. Hakulia. Angelia kama angekuwa amehuzunika, lakini alichokuwa nacho ni hasira, hasira safi isiyo na mchanganyiko, iliyompanda toka magotini. Walikuwa wamemchukulia posa, sasa wanamchukulia kazi, na kazi ndiyo iliyokuwa ikimweka yeye na mama yake mjini. Mpambaji asiyeaminiwa mikono yake ni nani? Akachukua karatasi ya vidonge mkobani, akajitanda mtandio, akatoka. Mwavuli aliuona nyuma ya mlango. Akauacha.

Kibandani kwa fundi, Luqmani alikuwa amechutama nyuma ya jokofu, na Zuena amemletea chakula kwenye hotipoti. Wateja watatu wanne walikuwa wameketi benchi wakingoja barafu na umbea. Shufaa hakusalimu. Aliiweka ile karatasi juu ya jokofu.

"Hii nini?"

Luqmani akainuka, akawatazama watu wa benchi. "Shufaa, tusiseme hapa."

"Wewe ulikosema ni kwingi, mpaka Kiegeani. Mimi nasema hapa. Hii nini?"

"Doksi."

"Ya nini?"

"Kila mtu anajua ni ya nini."

"Mimi daktari aliniambia ni ya chunusi." Shufaa akaufungua mtandio wa zambarau, akaushusha mabegani mbele ya wote, taya zikabaki wazi na makovu yake mekundu na manundu machache yaliyobaki, mashavu yakiwaka kwa jua la njiani. "Tazama. Siku zote unaona unajitia huoni, leo ona. Nina chunusi, Luqmani. Si siri tena. Sasa na wewe nijibu. Dada yako alichukua kidonge asichokijua, akakuletea. Bila shaka wewe ndiye uliyemwambia ni cha maradhi gani. Umejuaje?"

Mmoja wa watu wa benchi akakohoa. Zuena, aliyekuwa tayari ameshika kiuno ili amtetee mdogo wake, akaiweka hotipoti chini polepole. Ilionekana swali hilo halikuwahi kumjia.

"Eee," alisema Zuena. "Umejuaje?"

"Dada, nawe."

"Nawe nini? Mimi niliapa kwa watu kwa maneno yako. Jibu."

Luqmani alifuta mikono kwa kitambaa ambacho chenyewe kilikuwa kichafu kuliko mikono. Akasema kwa sauti ndogo kwamba ilikuwa Dar, zamani kidogo, ujana. Alipata maumivu ya mkojo, rafiki akamwelekeza duka la dawa, akauziwa doksi.

"Nani alikupima?" Shufaa akauliza.

"Hakuna aliyenipima."

"Ulimaliza dozi?"

"Nilimeza mpaka maumivu yakaisha."

"Na baada ya hapo, kabla hujaja kwetu kuniita laazizi, ulikwenda kupima?"

Fundi akatikisa kichwa.

"Basi mwenye la kupimwa ni wewe, na mwenye kuandikiwa *ukipona* ni mimi," Shufaa alisema. "Hukuniuliza. Swali moja tu, Luqmani, kwa simu, bure. Ungeniuliza ningekwambia, ningeona haya lakini ningekwambia. Wewe ulichukua uchafu wako ukanivisha mimi, ukaniacha niuvae mbele ya watu."

Akachukua vidonge vyake, akajitanda, akaondoka. Luqmani alimfuata mpaka kwenye ngazi ya soko akimwita, na Shufaa akamwambia akimfuata hatua moja zaidi atamsomea ule ujumbe kwa sauti mbele ya wauza samaki. Luqmani akasimama.

Zuena alikuwa na makosa mengi lakini hakuwa mwanamke wa nusu nusu. Siku iliyofuata alikuja kwa kina Shufaa, akaamkia mama mtu kwa magoti, akasema nimekuja wifi.

"Mimi si wifi yako," Shufaa alimjibu.

"Najua. Lakini nilikuharibia kwa mdomo na mikono hii, na kwa mdomo na mikono hii nitatengeneza. Vaa twende Kiegeani."

Shufaa hakutaka. Mama yake akamwambia nenda, si kwa ajili yake, kwa ajili ya kazi yako. Akaenda na mkoba wake wa hina, na safari hii na mwavuli, wakafika uani kwa Bi Safia ambako wanawake wa harusi walikuwa wamejaa mikekani, wengine wanakuna nazi, wengine wanaimba. Nyimbo zikakatika. Zuena akaketi katikati ya mkeka, akavuta kanga mpaka kwenye viwiko, akanyoosha mikono yote miwili kwa Shufaa.

"Nianze mimi," akasema. "Nichore mpaka kwenye kiwiko. Na mnisikilize, nyie mlionisikiliza siku ile. Huyu anameza doksi ya chunusi za uso, kaandikiwa na daktari. Mwenye maradhi ya kushuku ni mdogo wangu Luqmani, hata kupima hajapima. Nilizua, na nimesema uongo juu ya mtoto wa watu. Mwenye kuogopa mkono wake aogope na wangu."

Shufaa alifungua mkoba. Alimchora Zuena maua ya piko mazito, mazuri kuliko yale ya kwanza, bila kumsemesha hata neno, na kila aliyetazama alijua kwamba ule haukuwa msamaha bado. Alipofika kwenye kiwiko, mlango wa ndani ukafunguliwa, na Bi Safia akamtoa binti yake akinukia singo na liwa, akamketisha pembeni ya Zuena. Hakusema samahani. Alisema, "Na huyu." Shufaa aliupokea mkono wa mwari.

Luqmani alipiga simu siku nyingi. Shufaa hakupokea. Habari zake zilimfikia zenyewe, maana Kilindoni hata kikohozi kina mtu wa kukihadithia. Fundi alionekana hospitali asubuhi ya watu wengi, kwenye benchi la kupima, hakuvaa kofia wala hakujificha kwa gazeti. Waliomjua walimsalimu na akaitikia. Walipomuuliza unaumwa nini, alisema nimekuja kupimwa nilichomsingizia mwenzangu. Aliporudi kuchukua majibu yalikuwa mazuri, na hilo nalo alilisema. Wapo waliomcheka. Shufaa aliposikia hakucheka, ila siku ile simu ilipoita akapokea.

"Shufaa wangu."

"Wangu wa nani?"

"Samahani. Shufaa. Niruhusu nije nikuombe radhi."

"Radhi ya simu siitaki, na ya uchochoroni usiku siitaki. Ulinivunjia mchana."

Akakata. Lakini moyo wa mtu si friji, haufungwi kwa mlango. Usiku huo alijikuta amekasirika zaidi kwa sababu ameikumbuka sauti.

Jumamosi boti ikaja na boksi lake jingine. Gati lilikuwa lile lile, kuku, magodoro, viapo. Shufaa alikuwa amevaa gauni la kijani la maua na mtandio ulioachwa ulegee mabegani, taya zake nje, na makovu yake yamefifia kuwa madoa ya kahawia asiyoyapaka poda. Alikuwa akilikagua boksi, safari hii amelifungua pale pale, alipohisi jua limemwondoka usoni. Akageuka. Luqmani alikuwa amesimama nyuma yake ameshika mwavuli mkubwa mweusi, mkono umenyooshwa, yeye mwenyewe yuko nje ya kivuli anatoka jasho.

"Daktari alinieleza habari ya jua," alisema. "Nilimuuliza. Nilipaswa kukuuliza wewe."

Makuli waliacha kubishana. Shufaa aliwaona, na akawaacha watazame.

"Bado nina hasira," alisema.

"Najua."

"Usiniambie ziishe."

"Sikwambii. Uwe nazo, nitazikuta ndani tukioana. Shufaa binti Matano, nilikukosea mbele ya watu, na mbele ya watu nakuomba radhi. Na nakuomba niruhusu nilete posa."

Shufaa aliitazama fulana yake safi, ndevu ambazo hazikuchongwa wiki nzima, mkono unaoanza kuchoka na usioshuka. Alimpenda, na kumpenda huko kulimuudhi.

"Mzee Marijani aje Ijumaa, saa ile ile, majirani wale wale wakiwepo," alisema. "Na asije kusema kulikuwa na jambo linaangaliwa. Aseme ulikosea. Akilimeza neno hilo, arudi na posa yake."

"Atalisema. Nitamfundisha njiani."

"Na vitumbua safari hii utaleta wewe."

Ilikuwa saa yake ya dawa. Siku zote alimeza nyumbani, mlango umefungwa. Alitia mkono kwenye mkoba, akaisogeza pamba, akatoa karatasi ya vidonge mbele ya makuli, wenye kuku na abiria wa Nyamisati, akabonyeza kidonge kimoja cha kijani kiganjani. Muuza maji akapita, Luqmani akamnunulia chupa kubwa. Shufaa alikimeza pale pale, amesimama wima, akanywa maji yote mpaka tone la mwisho bila haraka, na watu wote wanaona.

Kisha akamkabidhi Luqmani boksi abebe kwa mkono wa pili.

"Nyanyua mwavuli," alimwambia. "Jua linanipata shavu la kushoto."